Dada yangu ana MS: je, ni kweli kwamba chanzo chake ni kirusi?

Muulizaji, Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi kuhusu jambo ambalo limeitia familia yetu wasiwasi tangu mwezi wa Ramadhani. Dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 38, anaishi Uingereza tangu alipochukuliwa na shangazi akiwa na miaka sita. Mwaka jana alianza kuhisi ganzi katika mguu wa kulia. Alikuwa akisema ni kama amevaa soksi iliyolowa maji ambayo haivuliki. Ganzi ile ikaondoka yenyewe baada ya wiki chache, tukashukuru. Miezi mitano baadaye jicho la kushoto likaanza kumuuma kila alipoligeuza, na siku moja alipokuwa akikunja kanga aligundua kwamba wekundu aliouona kwa jicho la kulia haukuwa wekundu aliouona kwa jicho la kushoto: kwa jicho moja ulikuwa umekolea, kwa jingine ulikuwa umepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Alipigwa picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, akachukuliwa maji ya uti wa mgongo, ndipo akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao huko wanauita MS.

Daktari wake alimweleza kwamba kinga ya mwili wake inaushambulia utando wa mafuta unaozifunika neva. Hilo tumelielewa. Lililotuchanganya ni kauli yake kwamba karibu kila mwenye ugonjwa huu aliwahi kuambukizwa kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Mama aliposikia neno kirusi alibadilika kabisa. Sasa anauliza kama ni yeye aliyemwambukiza mwanawe, na jamaa yetu mmoja amefikia hatua ya kuuliza kama dada akija likizo atengewe kikombe chake. Naomba kujua: je, kirusi hiki kweli ndicho chanzo? Na kama ndicho, mbona huku kwetu sijawahi kukutana na mtu mwenye MS? Je, hakuna dawa ya kukiua?

Mtaalamu wa maabara, Mwanza

Pole sana ndugu yangu kwa kuuguliwa, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nianze na suala la kikombe, kwa sababu hilo linaumiza watu bure. MS hauambukizi. Kirusi cha Epstein-Barr kinaambukiza, hasa kwa njia ya mate, lakini zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho tayari, na katika maisha yetu ya Afrika Mashariki, ambako mtoto hunywa kikombe kimoja na kaka zake na kulishwa kwa kijiko alichoonjea bibi yake, wengi hukipata wakiwa wadogo mno. Jamaa anayetaka dada atengewe kikombe ana uwezekano mkubwa wa kuwa nacho kirusi hicho hicho tangu alipokuwa akitambaa. Kikishaingia hakitoki: hujificha ndani ya seli B, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, na hukaa humo kimya maisha yote.

Hapo ndipo wanasayansi walipokwama kwa muda mrefu. Ikiwa karibu kila mtu anacho kirusi, utathibitishaje kwamba kinahusika na ugonjwa unaowapata wachache? Ukiwalinganisha wagonjwa na wazima utakikuta pande zote mbili. Inabidi uwapate watu ambao bado hawajaambukizwa, uwafuatilie kwa miaka mingi, uone nani anaambukizwa na nani anaugua, kazi ambayo hakuna hospitali moja inayoiweza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio, walipata njia kwa sababu jeshi la Marekani huwapima askari wake virusi vya Ukimwi mara kwa mara na kuhifadhi damu inayobaki kwenye majokofu. Walipitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 kwa kipindi cha miaka 20, wakakuta 955 waliopata MS wakiwa kazini. Wagonjwa 801 kati ya hao walikuwa na sampuli za damu zilizotosha kupimwa. Katika sampuli zao za kwanza, 35 hawakuwa na kirusi, na 34 kati ya hao 35 walikipata kabla dalili za ugonjwa hazijaanza. Kwa hiyo katika watu 801 alibaki mmoja tu ambaye hakuonekana kuambukizwa. Kwa hesabu yao, hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa Epstein-Barr. Matokeo hayo yalichapishwa Januari 2022.

Mimi binafsi nilishawishika zaidi na mambo mawili yaliyo pembeni ya hiyo 32. La kwanza ni kwamba walipima pia kirusi kingine cha ukoo huo huo, sitomegalo, ambacho nacho huenezwa kwa mate, na hawakuona hatari yoyote kuongezeka. Kama tatizo lingekuwa ni maisha ya msongamano au kuugua ugua kwa jumla, virusi vyote viwili vingeonyesha alama. La pili ni kwamba walipima protini fulani ya neva ambayo huvuja na kuingia kwenye damu neva zinapoumia, hata miaka kadhaa kabla mgonjwa hajahisi lolote. Protini hiyo ilianza kupanda baada ya maambukizi ya Epstein-Barr, haikupanda kabla yake. Maana yake ni kwamba hatuwezi kusema kirahisi kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kwa siri na ndio uliomfungulia kirusi mlango.

Sasa naomba mama yetu asikie sehemu hii vizuri. Kirusi kinaonekana kuwa cha lazima, au karibu na lazima, lakini hakitoshi hata kidogo. Mabilioni ya watu wanacho; wenye MS duniani walikadiriwa kuwa milioni 2.8 mwaka 2020. Jeni za kundi la HLA, zinazohusika na kinga ya mwili, zinachangia, uvutaji wa sigara unahusika, unene uliopitiliza wakati wa ujana unahusika, na upungufu wa jua na vitamini D unaonekana kuhusika. Hata pacha wa kufanana, wenye jeni zile zile, mmoja akipata MS mwenzake huupata takriban mara moja katika nne. Mtu akitafuta mkosaji katika mnyororo huu atahangaika bure, na hakika mkosaji huyo si mama aliyembusu mwanawe.

Namna kirusi kinavyoleta madhara bado inachunguzwa, ila kuna maelezo ambayo ushahidi wake unaonekana kwa macho. Mwaka huo huo wa 2022 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba kipande cha protini ya kirusi iitwayo EBNA1 kinafanana na kipande cha protini iliyomo katika ubongo wetu wenyewe, iitwayo GlialCAM. Ni kama mlinzi aliyepewa picha ya mwizi, na kwa bahati mbaya mwizi anafanana na mtoto wa nyumba anayoilinda. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kirusi inamkamata mwenye nyumba. Hata hivyo kingamwili za namna hiyo zilionekana kwa takriban robo tu ya wagonjwa, kwa hiyo lazima kuna njia nyingine pia.

Mwenye MS tangu 2016, Mombasa

Pole kaka. Mimi ni mgonjwa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua kwa mwili wangu. Maelezo ya soksi iliyolowa yamenirudisha nyuma kabisa, kwa sababu dalili yangu ya kwanza ilifanana nayo: nilikuwa nikiinamisha kichwa kuosha vyombo, na kila kidevu kilipogusa kifua, kitu kama umeme kilishuka kutoka shingoni hadi viunoni. Niliambiwa ni mawazo, kisha nikaambiwa ni mgongo, na ilichukua miaka mitatu kupata jibu. Umwambie dada kwamba amebahatika kujua mapema.

Kuhusu swali lako la kwamba hujawahi kukutana na mgonjwa huku kwetu: tupo. Ni wachache, lakini tupo, na naamini wengine wamelala vyumbani wakiitwa wamepooza au wamerogwa. MS haugunduliki bila MRI na daktari bingwa wa neva, na vyote viwili viko mbali na watu wengi. Naomba msomaji yeyote asitumie uchache wetu kama ushahidi kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Daktari, Nairobi

Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa furaha, na nina mambo ya kuongeza, la kwanza likiwa ni kwamba kirusi hiki kiligunduliwa kutokana na watoto wa Afrika Mashariki. Nasikitika kuona hata wanafunzi wetu wa udaktari hawaijui historia hii vizuri.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alianza kuwatafuta watoto wa namna hiyo, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kutoka Uganda kuelekea kusini, akipitia Tanganyika, akionyesha picha katika hospitali za njiani na kuuliza kama wamewaona. Aligundua kwamba uvimbe ule, ambao ni saratani, ulifuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mapema mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein, ambaye alishuku mara moja kwamba kuna kirusi nyuma ya jambo hilo. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba kichupa kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameingiwa na bakteria. Epstein aliyatazama kwenye darubini akakuta ni seli za saratani zenyewe, zimebanduka kutoka kwenye kipande cha nyama na zinaelea zikiwa hai. Huo ukawa mwanzo wa kuzikuza maabara, na mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi kwa darubini ya elektroni.

Miaka michache baadaye, katika maabara ya Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia, fundi mmoja wa maabara ambaye damu yake ilijulikana kutokuwa na kingamwili za kirusi hiki aliugua homa ya tezi, ule ugonjwa wa vijana wenye homa, koo kuuma na tezi za shingo kuvimba. Alipopona na kurudi kazini, damu yake ikawa na kingamwili. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kirusi cha watoto wa Mulago ndicho kinachowalaza vitandani vijana wa Marekani na Ulaya.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humo. Kirusi ni kimoja, lakini umri wa kukutana nacho na mazingira ya mwili kinamoingia hubadilisha matokeo. Mtoto wa Busoga au wa kando ya Ziwa Viktoria anayekipata akiwa mchanga kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote. Akiwa pia anashambuliwa na malaria mfululizo, wachache sana hupata saratani ya Burkitt. Kijana wa Leeds au Boston ambaye hakukipata utotoni na akakutana nacho akiwa na miaka 17 ana uwezekano mkubwa wa kuugua homa ya tezi, na waliougua homa ya tezi wana hatari ya kupata MS iliyo takriban mara mbili ya wengine. Kwa hiyo wengi wetu tunadhani kwamba kuchelewa kuambukizwa ni sehemu ya fumbo. Zaidi ya hapo, mwaka 1990 Marta Elian na wenzake, akiwemo Geoffrey Dean, walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliohamia kutoka visiwa vya Karibi na bara la Asia. Wazazi walikuwa na MS kwa nadra, lakini watoto wao waliupata kwa kiwango kinachokaribia kile cha Waingereza wengine. Damu ni ile ile, ila mahali pa kukulia pamebadilika. Sitasema kwamba dada yako ameugua kwa sababu alihama akiwa na miaka sita. Takwimu za makundi hazimsomei mtu mmoja bahati yake.

Niongeze tahadhari kwa wasomaji wa huku nyumbani wanaojipima kwa kusoma maelezo haya. Ganzi na miguu kukosa nguvu katika nchi zetu vina sababu nyingi zinazotibika: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho kilichoingia kwenye uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, Ukimwi. Kuna pia kirusi cha HTLV-1, ambacho hulemaza miguu taratibu na hufanana sana na baadhi ya aina za MS, na kuna ugonjwa wa nyuromaielaitisi optika, unaoshambulia macho na uti wa mgongo, ambao dawa kadhaa za MS huuzidisha. Nimewaona wagonjwa waliopewa jina la MS kabla haya hayajaondolewa, na wakapoteza miezi ambayo haikupaswa kupotea.

Msomaji, Copenhagen

Ninashukuru kwa maelezo. Nimeishi Denmark miaka mingi, na huku mjadala huu huanzia katika visiwa vya Faroe. Wanajeshi wa Uingereza walitua huko Aprili 1940, na watafiti John Kurtzke na Kay Hyllested walidai baadaye kwamba MS haukuwapo kwa wenyeji kabla ya mwaka 1943, kisha ukatokea kwa mawimbi, kana kwamba askari waliacha kitu nyuma yao. Je, hilo halionyeshi kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza?

Mtaalamu wa maabara, Mwanza

Ni swali la haki. Hata hivyo visa vya Faroe vilikuwa vichache, na wapinzani wa dai hilo walisema kwamba wagonjwa wa zamani huenda walikuwepo bila kutambuliwa, kwa kuwa mahali penye watu wachache namna ile, mgonjwa mmoja aliyesahaulika hubadilisha picha nzima. Pia tukumbuke kwamba wazo la maambukizi lina umri mrefu: Pierre Marie, mwanafunzi wa Charcot, daktari maarufu wa neva wa Ufaransa, alilitoa mwaka 1884, na tangu hapo surua, kirusi cha homa ya mbwa na virusi vingine vingi vilishtakiwa kimoja baada ya kingine, kisha mashtaka yakafifia. Kirusi cha malengelenge namba 6, yaani HHV-6, bado kinachunguzwa. Epstein-Barr peke yake ndicho ambacho ushahidi wake umeongezeka nguvu kila kilipopimwa kwa njia kali zaidi.

Muulizaji, Tanga

Mungu awalipe. Nimemsomea mama majibu ya Mwanza na Nairobi mara mbili, na suala la kikombe limekwisha; yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia yule jamaa. Limebaki swali la dawa. Mtu mmoja amenishauri nimtumie dada asaiklovia kwa sababu ni dawa ya virusi. Je, ni sahihi?

Daktari, Nairobi

Tafadhali usimtumie. Asaiklovia huzuia kirusi kinapojizalisha, lakini Epstein-Barr aliye ndani ya seli B kwa kawaida amelala, na dawa haimfikii. Majaribio madogo ya dawa za kundi hilo kwa wagonjwa wa MS hayakuonyesha faida iliyo wazi. Tiba iliyojaribu kuzitumia seli T (chembe nyingine nyeupe za kinga) zilizofundishwa kukiwinda kirusi hiki, iliyoitwa ATA188, nayo ilishindwa kufikia lengo lake katika jaribio lililotangazwa Novemba 2023. Chanjo za kukizuia zimeanza kujaribiwa kwa binadamu, ila itachukua miaka mingi kujua kama zinapunguza MS, kwa sababu ugonjwa wenyewe huja miaka mingi baada ya maambukizi.

Lakini kuna jambo linalotufikirisha sana. Dawa zenye nguvu kubwa dhidi ya MS leo, kama okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, na rituksimabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2023 katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, hufanya kazi kwa kuziondoa seli B, yaani nyumba ile ile anamoishi kirusi. Huo si uthibitisho, kwa kuwa seli B zina madhara yake mengine katika ugonjwa huu hata bila kirusi. Mimi naona ni dalili nzito.

Mwenye MS tangu 2016, Mombasa

Kama dada atawekwa kwenye mojawapo ya dawa hizo, mambo machache ya safari ya Tanga. Kabla ya dripu ya kwanza nilipimwa homa ya ini ya B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha, na sidhani kama kuna mahali hatua hiyo inapaswa kurukwa. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, nasi tunaotumia dawa hizi hatupaswi kuchanjwa; kwa hiyo kama ndege yake itapitia nchi yenye homa ya manjano na kukaa hapo saa nyingi, amwombe daktari wake barua ya kusamehewa mapema, asisubiri kubishana uwanjani. Malaria pia: ameondoka akiwa na miaka sita, kinga aliyokuwa nayo utotoni imekwisha, anywe dawa za kinga na alale ndani ya chandarua kama mgeni mwingine.

Na mwambie aje Julai, asije Februari. Joto likinizidi, jicho langu huingia ukungu na miguu huwa mizito kama nimefungwa mchanga, kisha nikikaa kwenye feni na kitambaa chenye maji baridi shingoni hurudi hali yake ndani ya saa moja. Mara ya kwanza nililia nikidhani ugonjwa umepiga upya. Neva zilizopoteza utando hupitisha ujumbe kwa shida mwili ukipata joto, basi, hakuna kidonda kipya. Mama naye aambiwe mapema, ili akimwona mwanawe anapepesuka saa nane mchana asirudie tena yale maswali ya kujilaumu.